Siku moja maishani mwangu: udongo, darasa na mkaguzi

Nikisema natengeneza sanamu, watu huniangalia mikono kwanza, kisha huuliza: "Sawa, lakini kazi unafanya wapi?" Ninazo tatu. Nafinyanga sanamu zangu, nafundisha wanaoanza, na naratibu kituo cha sanaa ambacho karakana na darasa vimo ndani yake. Wapo wanaoamini kwamba anayefundisha ni aliyeshindwa kutengeneza. Mchongaji Mkenya Gregory Maloba alikuwa akifundisha Makerere alipotengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala mwaka 1962, na Mwingereza Henry Moore, mchongaji pia, alikuwa mwalimu kwa miaka mingi kabla jina lake halijavuma. Basi tuache hilo. Nieleze Jumanne iliyopita.

Saa 11 alfajiri. Simu imezimwa. Kwenye kibao cha kuzungusha kuna kichwa cha mwanamke, kikubwa kuliko cha mtu, ambacho nimekijenga kikiwa kimejaa udongo hadi katikati. Nafunua nailoni na kubonyeza shavu kwa kidole gumba: halibonyei, ila ukucha bado unaacha alama. Hali hiyo tunaiita ukavu wa ngozi, na haikai. Leo ndiyo siku ya kukata utosi kwa waya, kukwangua ndani mpaka ukuta ubaki unene wa kidole, kisha kuurudishia utosi. Kabla ya hapo udongo ni laini, ungebonyea wote. Baada ya hapo unakuwa mgumu, na kifaa kinachubua tu. Kuuacha ulivyo nako haiwezekani, maana udongo mnene huficha maji ndani yake, na tanuru likivuka nyuzi 100 maji hayo hugeuka mvuke unaodai nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Kichwa kinalipuka na kuvunja kazi za watu zilizopangwa pembeni.

Namalizia kisogo na taya kwanza, kwa sababu nikishakata sitaweza tena kusukuma kwa nguvu. Saa 1 na nusu nafunika kwa kitambaa kibichi na nailoni juu yake. Naahidi kurudi saa 8 mchana.

Saa 2 ni barua pepe. Ankara, mtu anayeuliza kama tunakodisha ukumbi kwa harusi, ankara tena.

Saa 3 mpaka saa 6 niko darasani, na hapo sina malalamiko. Wanafunzi wapya wote huanza na macho. Fuvu halijakaa sawa, shingo inaegemea upande, lakini kope tayari zimechongwa moja moja. Kijana mmoja alikuwa amebandika sikio zuri ajabu, lenye mikunjo yote, karibu na kona ya jicho. Sikumwambia amekosea. Nilimwambia afumbe macho, ashike sikio lake mwenyewe kwa kidole kimoja na taya kwa kingine. Alikaa hivyo kitambo, akacheka, akalibandua. "Mwalimu, kumbe liko nyuma hivi?" Liko nyuma, mwanangu. Tangu hapo akawa anakizungusha kibao bila kuambiwa, na ukishaona mwanafunzi anazunguka kazi yake ujue ameanza.

Mwisho wa kipindi tunapiga deki. Kufagia ni marufuku kwangu: vumbi la udongo mkavu lina silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga, na ikiingia mapafuni haitoki.

Saa 6 na robo mkaguzi alikuwa mlangoni.

Nimwelezee kwa haki. Ni mtu mpole, ana kalamu nne, na ametumwa na mfadhili aliyelipia vifaa vya mafunzo. Kwenye karatasi zake tulikuwa tumenunua kilo 600 za udongo. Stoo aliona pakiti chache. Akaniuliza, bila ukali, "Mwalimu, mali iliyobaki iko wapi?"

Nikamwonyesha rafu. Akatazama vichwa, mikono, tembo mmoja mwenye miguu mitano (ana sababu zake), akasema hizo ni kazi za wanafunzi, yeye anatafuta udongo. Nikamwambia ndio huo. Akaandika kitu. Halafu akageukia dirisha: "Lakini udongo si umejaa tele hapo nje? Kwa nini ununuliwe?"

Swali hilo nimelijibu mara nyingi, na bado linanichosha kama ni la kwanza. Udongo wa kuchimba unatumika, ndiyo, lakini uuloweke, uuchekeche, uuanike mpaka ushikane, na kila shimo lina tabia yake ya kusinyaa. Na ukiacha ndani yake punje ya chokaa ndogo kama mbegu ya papai, tanuru litaichoma, kazi itatoka nzima na mtu ataipeleka nyumbani akifurahi. Kisha punje ile itaanza kufyonza unyevu wa hewa na kuvimba, mpaka siku moja kipande cha shavu kinabanduka chenyewe kabatini. Alisikiliza yote. Akauliza kama nina mizani.

Tukaanza kupima. Kazi kavu ambayo haijachomwa ndiyo dhaifu kuliko zote, haivumilii hata kushikwa vibaya, na yeye akanyanyua sanamu ya mchezaji ngoma kwa mkono wake wa kulia, yaani mkono wa sanamu. Niliruka juu ya benchi. Nikaipokea kwa viganja viwili, nikamwomba aandike tu, mimi nipime. Moja baada ya nyingine, rafu tatu, kisha ndoo za mabaki yanayolowekwa ili yatumike tena. Saa 8 ikapita. Nikawaza kitambaa changu kibichi.

Jumla haikutosha. Nikaleta kigae cha majaribio tunachokitumia kupima usinyaaji: kilikuwa kilo moja kamili kilipotoka pakitini, sasa ni gramu 780, na mstari wa sentimita 10 uliochorwa juu yake umebaki 9.4.

"Gramu 220 zimekwenda wapi?"

"Hewani. Yalikuwa maji."

"Nani aliidhinisha?"

Nakiri sikuwa na jibu. Baadaye, karibu saa 10 hivi, alikubali kwamba kukauka si upotevu wa kizembe, ila fomu yake haikuwa na mahali pa kuliandika hilo. Tukaagana vizuri.

Kuna kikao kilichofuata. Sikumbuki kilihusu nini, ila tuliahirisha.

Halafu maombi ya fedha za maonyesho, mwisho usiku huohuo. Bajeti ina mistari ya usafiri, bima, taa, mabango. Wa muda wa msanii haumo. Kila nikijaza fomu za namna hii humkumbuka Augusta Savage, mchongaji wa Marekani aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa kituo cha sanaa cha jamii cha Harlem, mwaka 1937. Alikuwa mwalimu, msaka fedha, mgombana na maofisa. Alipopewa kazi ya kutengeneza sanamu kwa Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939 aliomba likizo, akatengeneza kinubi ambacho nyuzi zake ni waimbaji, chenye kimo cha futi 16, kwa plasta. Aliporudi, kiti chake ofisini kilikuwa na mtu mwingine. Fedha za kuisubu sanamu kwa shaba hazikupatikana, na maonyesho yalipofungwa ikavunjwa. Huyo alijua kazi zote tatu kuliko mimi, na bado. Niliongeza mstari wa muda wa msanii kwa mkono wangu, nikatuma.

Giza lilikuwa limeshaingia nilipofunua nailoni. Kisogo kilikuwa bado kinakubali ukucha, ila paji la uso, upande wa dirisha, lilikuwa limepauka na kugota. Nikalifunga matambara mabichi, nikaanzia kisogoni kungojea upande ule ulegee. Waya ulipita. Mgongo ulikuwa unauma na mikono haikujua hilo. Ilikwangua tu, udongo ukianguka ndani ya ndoo kwa maganda mazito, mpaka ukuta ukawa unene mmoja kotekote. Nikachanachana kingo, nikapaka udongo wa majimaji, nikaurudisha utosi mahali pake.

Nikawasha simu kuangalia saa. Mkaguzi alikuwa ameandika: ameruhusiwa kuongeza safu ya maji kwenye fomu, anaomba nimjazie kesho asubuhi. Nimemjibu kwamba ataipata mchana.