Mchanga wa Mkondoa, mwamba wa Kalambo

Jumamosi usiku, Sumbawanga

Magoti yanauma na shati bado lina unyevu wa manyunyu, lakini nikilala bila kuandika, kesho nitaamka nikiwa na picha za simu tu.

Tuliondoka alfajiri, tukapita Matai, tukafuata barabara ya vumbi hadi Kapozwa. Mto Kalambo unausikia kabla hujauona. Tulishuka ngazi, tukashuka tena, kisha ardhi ikakatika. Huu si mto mkubwa. Ukiutazama kule juu, utadhani ni mto wa kufulia nguo. Unafika ukingoni bila haraka yoyote, halafu unaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja. Ng'ambo ya pili ni Zambia. Nilishika chuma cha kizuizi kwa mikono miwili, nikanyamaza. Mwenzangu naye alinyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Kwenye kuta za mwamba kuna viota vya korongo, wale ndege wakubwa wenye mfuko shingoni, ambao huzaliana huku wakati wa kiangazi. Nimefikiria njia nzima wakati wa kurudi: Kiswahili kimempa ndege jina korongo, na bonde lililochimbwa na maji nalo kikaliita korongo. Pale Kalambo korongo anaishi ndani ya korongo, na unaweza kuyasema yote mawili kwa neno moja bila kukosea.

Korongo la pili, lile la mwamba, ndilo lililonishika. Linaanzia chini ya poromoko na kwenda kuelekea Ziwa Tanganyika. Chanzo chake ni Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka, upande wa ziwa ukazama, nyanda za Ufipa zikabaki juu. Uso wa ziwa leo uko kwenye mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na kina chake kinakaribia mita 1,470, kwa hiyo unaweza kuwaza ardhi ilikwenda chini kiasi gani. Mto uliokuwa ukijiendea taratibu ukajikuta na mteremko mkali mbele yake. Tangu hapo unakata. Maji peke yake hukata kidogo sana, kazi kubwa inafanywa na mzigo wake: mchanga, changarawe, mawe yanayosagana na mwamba msimu baada ya msimu. Chini ya poromoko mwamba unatafunwa, juu unapata nyufa, pande linameguka, na ukingo unahama kidogo kuelekea mto unakotoka. Ndiyo kusema poromoko lina safari yake, na linakwenda kinyume na maji yake. Hatukai muda wa kutosha duniani kuliona likipiga hatua.

Mimi ni mtoto wa Kilosa. Sikukulia kwenye mito ya kupigia picha. Mto wangu ni Mkondoa, na mwishoni mwa mwaka 2009 na kuingia 2010 ulivunja tuta ukaingia mjini. Reli ya Kati ilisombwa. Watu walihamia kwenye mahema. Mama mdogo alipoteza nyumba na shamba la mahindi, na tulipokwenda kutafuta vyombo, tulikuta mchanga umefika usawa wa dirisha. Mchanga safi, mweupe, laini. Nilikuwa na hasira na ule mchanga kuliko nilivyokuwa na maji, maana maji yalikuwa yamekwisha kwenda zake na huo umebaki umekaa ndani kama mwenye nyumba. Kwa miaka mingi nimeutazama mto wowote kama mwizi.

Leo nimeelewa jambo ambalo hakuna aliyenieleza. Mkondoa unateremka kwa nguvu kutoka milimani, ukifika Kilosa ardhi inalala tambarare. Mto ukipunguza mwendo hauwezi tena kubeba ulichobeba, basi unakitua. Sakafu yake inapanda mwaka hadi mwaka, maji yanakosa nafasi, yanatafuta njia nyingine. Tukikata miti huko juu, tunauongezea mzigo. Mchanga uliokuwa dirishani kwa mama mdogo ulikuwa mlima wa mtu mwingine.

Na Kalambo unatua pia. Ule mwamba mgumu wa ukingoni ni kama kizingiti cha mlango: nyuma yake mto unazuiwa, unapindapinda, unalaza mchanga na tope. Mtaalamu wa mambo ya kale, Desmond Clark, alianza kuyachunguza matabaka hayo mwaka 1953, upande wa Zambia. Mwaka 2019 wachimbaji wengine walirudi, na mwaka 2023 wakatangaza walichokipata: magogo mawili, moja limelazwa juu ya jingine, na la juu limechongwa pengo ili yashikane. Umri wake si chini ya miaka 476,000. Binadamu wa aina yetu walikuwa bado hawajatokea. Mti hauozi ukifunikwa kwenye tope lenye maji, pasipo hewa. Na umri huo waliusoma kwenye punje za mchanga, kwa kupima muda uliopita tangu zilipoona jua mara ya mwisho.

Nimeirudia sentensi hiyo mara tatu. Mto ulifukia kazi ya mikono ya mtu, ukaitunza muda wote huo, huku hatua chache mbele ukiendelea kuupasua mwamba. Sidhani kama mto unajua tofauti ya kazi hizo mbili.

Jioni nilimpigia mama mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama?"

Nikamwambia habari ya poromoko, na magogo, na ule mchanga unaotunza hesabu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kwetu pale mto uliacha nini chini ya mchanga?"

Nikamtajia nilichokumbuka: kinu, sufuria kubwa ya shughuli, cherehani ya marehemu baba mdogo.

"Na mlango," akasema. "Ule wa mninga. Alichonga mwenyewe."

Tukakaa kimya kwenye simu. Nyuma yake nilisikia kuku wakiingizwa bandani, na mtu akiuliza kama mvua itanyesha.