Ile alama ya kuuliza msiifute

Kijana aliyerithi mafaili yangu ya XSLT (lugha ya kugeuza hati za XML ziwe muundo mwingine, kama HTML) ameniuliza: "Hii alama ya kuuliza mwishoni mwa kiolezo inafanya kazi gani? Niifute?" Asithubutu.

Hati zilikuwa XML, na ndani yake vipande vya PHP, msimbo unaotekelezwa na seva, vilivyotakiwa kufika vizima kwenye HTML. Kwa XML, `<?php ... ?>` si msimbo, ni agizo la uchakataji tu, na XSLT isipoambiwa lolote hulitupa kimyakimya. Hilo liliisha upesi: kiolezo chenye `match="processing-instruction('php')"`, ndani yake `xsl:processing-instruction name="php"` pamoja na `xsl:value-of select="."`.

Msimbo ukatokea, seva ikaugomea. Kwenye faili lililozalishwa paliandikwa:

`<?php echo $jina; >`

Nilikodolea macho mwisho wa mstari ule. Nafasi zipo, nukta-mkato ipo, hata `<` za ndani ya msimbo hazikugeuzwa `&lt;`. Kilichokosekana ni `?` peke yake, na PHP ilipofika kwenye `>` iliisoma kama "kubwa kuliko" isiyo na kitu kushoto kwake. Wala haikuwa hitilafu ya programu. HTML 4 ilijengwa juu ya SGML, ambako agizo hufungwa kwa `>` tu, na XSLT 1.0 ya mwaka 1999 inafuata hivyo hivyo ukiweka `method="html"`, yaani ukiiambia iandike matokeo kama HTML.

Kuhamia `method="xml"` kungerudisha `?>` lakini kungeua JavaScript: kila `<` ndani ya script ingekuwa `&lt;`, na script tupu yenye `src` ingeandikwa `<script/>`, ambayo kivinjari cha HTML huiona haijafungwa, kikameza ukurasa uliobaki.

Basi baada ya `value-of` nikaongeza `?` moja. XSLT inamalizia na `>` yake, PHP inaridhika. Ni kiraka, ila hakijachanika.

Sina hakika kama kilistahili kudumu hivi. Ukipanda hadi XSLT 2.0, `>` yoyote ndani ya agizo chini ya `method="html"` ni kosa SERE0015, na PHP ya siku hizi imejaa `->`. Pengine tangu mwanzo hati zingebeba `<?php include 'menyu.php'; ?>` tu, mishale yote ikabaki kwenye faili la nje.