Kontua iliyotufikisha kwenye banio

Wazee wa ukoo wetu kule Old Moshi walipoazimia kuufufua mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia) uliokauka, hakuna aliyekumbuka banio, pale maji ya mto yanapokingwa kuingia mferejini, lilikuwa wapi hasa. Kilichokuwepo ni ramani kuukuu ya 1:50,000 iliyochorwa kutokana na picha za ndege. Tuliitandaza mezani, pembe zake tukazikandamiza kwa mawe, kwa kuwa selotepu ikibanduliwa hung'oa wino.

Tulianza na rula. Mraba wa kilomita moja lazima uwe sentimita 2, kwa hiyo miraba kumi ni sentimita 20. Karatasi iliyokaa kwenye unyevu hutanuka, na milimita moja hapo ni mita 50 za korongo.

Mstari wa buluu wa mfongo ulionekana vizuri huku chini, kwenye mashamba ya wazi, kisha ukakatika ulipoingia vihambani, kwenye mashamba ya migomba yenye miti. Mchoraji hakuwa na kosa: kamera ya ndege haioni maji yapitayo chini ya migomba na miringaringa. Hapo ndipo kontua, mstari unaounganisha sehemu zenye kimo sawa, huokoa. Mfongo hushuka polepole sana, ama sivyo maji yatachimba udongo na kubomoa kingo, hivyo hauachani ghafla na kontua yake. Kontua za ramani yetu zilipishana futi 50 za kimo, kila ya tano imekolezwa. Tulishika ile iliyo karibu na pale buluu ilipokatikia, tukaifuata kwa penseli laini kuelekea juu ya bonde, tukipanda kidogo kidogo, mpaka ikaugusa mto. “Hapo kuna mwamba,” mzee mmoja akasema, kidole kikiwa juu ya karatasi. “Maji yalikingwa hapo.”

Kijana mmoja akaingiza namba za gridi kwenye simu. Alama ikaangukia mlimani zaidi, karibu mita 300 kaskazini, sababu ramani hiyo inafuata Arc 1960 na simu inafuata WGS 84, misingi miwili tofauti ya kupimia mahali. Dawa ni kubadili msingi huo kwenye programu ya simu, au kupunguza mita 300 kwenye namba ya kaskazini na kuongeza kama 90 kwenye ile ya mashariki. Watu wengi huilaumu ramani bure kwa jambo hili.

Mawe ya banio tuliyakuta kando ya mwamba, juu ya mpaka wa msitu. Msitu huo tangu 2005 umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa hiyo barua ya kuomba kulifungua iliandikwa kwa hifadhi, ikaambatishwa nakala ya ramani yenye mstari wetu wa penseli.