Fluksigeti: kuhisi kidogo si kupima sawasawa

Karatasi ya kiwandani ikisema kihisi cha fluksigeti, yaani kifaa cha kupima uga wa sumaku, kinaona badiliko la nanotesla 0.1 (nT, kizio cha uga huo), hapo imezungumzia unyeti tu. Haijakuhakikishia kwamba 33,000 nT za uga wa dunia unazozisoma Dar es Salaam ni 33,000 kweli.

Ndani yake mna kiini chembamba cha aloi ya nikeli na chuma, kinachoshibishwa usumaku huku na huku kwa mkondo geu. Ukiwepo uga wa nje, pande mbili hazishibi sawa, na koili ya kupokea hutoa ishara yenye masafa maradufu ya mkondo huo. Ukubwa wa ishara ndio kipimo. Kiini kikibaki na usumaku, au saketi ikiegemea upande mmoja, namba hutokea hata pasipo uga wowote. Hilo ndilo kosa la sifuri, na ndilo la kushughulikia kwanza.

Wengi hukilaza kihisi popote, husoma, kisha hukigeuza nyuzi 180. Njia hiyo ina mtego. Kihisi kikiwa kimekingama na uga, ukikosea nyuzi 1 umeingiza karibu 576 nT. Kikiwa sambamba nao, kosa lilelile ni 5 nT tu. Kwa hiyo kiinamishe na kukizungusha polepole hadi upate namba kubwa kabisa, kisha kigeuze uitafute iliyo hasi kabisa. Tuseme umepata +33,120 na −33,060: zijumlishe, gawa kwa 2, kosa la sifuri ni 30 nT. Fanya haraka, maana uga wa dunia wenyewe hubadilika mchana kwa makumi ya nanotesla.

Weka simu, saa na funguo mbali kabisa. Skrubu ziwe za plastiki au alumini. Hata chuma kisichoshika kutu huweza kuwa na usumaku kidogo.

Joto nalo husogeza sifuri. Ukifukia kihisi sentimita 50 ardhini, mabadiliko ya joto ya usiku na mchana karibu hayakifikii. Saketi, hata hivyo, ikibaki juani, shida imehama tu.

Kwa vihisi vya mihimili mitatu, mhimili uliopinda nyuzi 0.1 huweza kuongeza 58 nT. Ukitaka thamani halisi, linganisha na kipimasumaku cha protoni, kinachopima uga kwa masafa ya ishara ya protoni: kwenye 33,000 nT hutoa karibu 1,405 Hz, na uwiano huo wa masafa na uga ni sifa ya protoni yenyewe, haubadiliki kwa joto la mchana.