Siku Ambayo Mgongo Hauumi

Ninaishi Uyole, Mbeya, na huu ni mwaka wa 6 tangu nilipoinua gunia la viazi shambani, jambo ambalo watu wa huku hulifanya kila msimu bila kulitilia maanani, na mgongo wangu ukaanza kuuma. Maumivu yakidumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3 huitwa maumivu sugu. Yangu yamekwisha kuota mizizi.

Picha ya eksirei haikuonyesha tatizo lolote, nami nikafika mahali pa kujishuku kwamba labda ninajidekeza. Aliyeniondolea mashaka hayo ni mtaalamu wa mazoezi tiba, aliponieleza kuwa mishipa ya fahamu iliyozoea kupeleka taarifa za maumivu kwa muda mrefu huweza kuendelea kuzipeleka hata baada ya misuli kupona, kwa hiyo anayeumwa anaumwa kweli ijapokuwa jeraha halionekani. Kabla ya hapo nilikuwa nikinunua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, dukani kama mtu anunuavyo karanga, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto na daktari akanionya kuhusu vidonda vya tumbo na figo.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi kukielewa ni hila ya siku nzuri. Siku mbaya hunilaza, na nikilala simdhuru mtu. Lakini Jumamosi moja ya Julai jua lilitoka baada ya wiki nzima ya baridi kali, nikaamka mwepesi kama kijana, nikafua mablanketi yote, nikalima tuta la mboga, kisha nikaenda sokoni Mwanjelwa na kurudi nimesimama kwenye daladala, kapu mkononi. Siku 3 zilizofuata nilivalishwa viatu na mwanangu wa darasa la tatu, ambaye kwa bahati mbaya bado hajui kufunga kamba.

Sasa ninafua blanketi moja leo na jingine kesho. Nikishika jembe, hulima kwa dakika 20 nikitazama saa, kisha nikaketi, hata kama mgongo umenyamaza kabisa. Na kwa mtu aliyelelewa na wakulima, kuketi jua likiwaka kabla hajachoka ni aibu ambayo haizoeleki upesi.

Juzi jirani yangu alipita akanikuta kwenye kigoda, jembe limelala pembeni.

"Mwalimu, mbona umekaa? Leo unaonekana huumwi."

Nikamwambia, ndiyo maana nimekaa.