Anwani ya IP ya swichi ni ya msimamizi, si ya watumiaji

Swichi ya tabaka la pili (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja) haihitaji anwani ya IP ili ifanye kazi yake ya msingi. Hupokea fremu, yaani kifurushi cha data, kwenye poti moja, husoma anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) ya inakokwenda, kisha huitoa kwenye poti inayostahili, na hayo yote hufanyika bila IP kuhusishwa. Naanza na jambo hili kwa sababu maswali mengi ninayoulizwa kuhusu kusanidi swichi huzaliwa na dhana kwamba data ya kompyuta zote hupita kwenye anwani hiyo, na kwamba ikikosewa mtandao mzima utazimika. Anwani hiyo ni ya msimamizi: kwayo huifikia swichi kwa SSH (njia salama ya kuingia na kuandika amri kutoka mbali) au kwa kivinjari, na kwayo swichi hutuma kumbukumbu za matukio kwenye seva na kurekebisha saa yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua namba, ni lazima kuamua anwani itakaa katika VLAN ipi, yaani katika upi kati ya mitandao pepe inayogawanya swichi. Katika swichi ya aina hii anwani haiwekwi kwenye poti yenyewe, bali kwenye kiolesura cha VLAN, ambacho hakionekani kwa macho wala hakichomekwi kebo. Swichi nyingi hutoka kiwandani poti zote zikiwa katika VLAN 1, na anwani ikiachwa humo, kompyuta yoyote itakayochomekwa kwenye poti yoyote itaweza kubisha hodi kwenye ukurasa wa kuingilia. Mimi hutenga VLAN ya usimamizi, tuseme namba 99, pamoja na sabneti yake (kundi lake la anwani za IP), tuseme 10.20.99.0/24, iliyo ndani ya anwani za faragha zilizotengwa na waraka wa intaneti RFC 1918 mwaka 1996. Anwani 254 zinatosha mitandao mingi, na zikibaki nyingi hakuna hasara.

Mara ya kwanza njia salama ni kebo ya konsoli, inayounganisha kompyuta moja kwa moja na swichi na ambayo haitegemei IP hata kidogo. Katika swichi nyingi mawasiliano yake ni biti 9600 kwa sekunde, biti nane za data, bila pariti, na biti moja ya kusimama. Swichi ndogo zisizo na konsoli huja na anwani ya kiwandani iliyochapishwa kwenye lebo au kwenye mwongozo, na hapo kompyuta yako hupewa kwa muda anwani ya sabneti hiyohiyo. Nyingine husubiri kupewa anwani na seva ya DHCP, inayogawa anwani kiotomatiki.

Kwenye swichi za Cisco, ukishaiunda VLAN 99, unaandika interface vlan 99, kisha ip address 10.20.99.11 255.255.255.0, kisha no shutdown. Wengi hufika hapa wakakuta kiolesura bado kiko chini, nao wakarudia amri zilezile wakidhani zimekataliwa. Kiolesura cha VLAN hakiinuki mpaka VLAN yenyewe iwepo kwenye swichi na angalau poti moja iliyo hai iwe ndani yake, au pawepo na tranki (kiungo kinachobeba VLAN nyingi) iliyo hai inayoruhusiwa kuibeba. Kuunda kiolesura peke yake hakutoshi.

Sehemu inayostahili uangalifu zaidi ni lango, yaani anwani ya ruta ambayo swichi hupitia kufikia sabneti nyingine. Dalili yake ni ileile kila mara: swichi hujibu ping (ujumbe wa kujaribu kama kifaa kinafikika) kutoka kwenye kompyuta iliyo katika VLAN 99, lakini kutoka sabneti nyingine iko kimya. Pakiti zinaifikia vizuri. Tatizo ni kwamba swichi haijui irudishe jibu kupitia wapi, hivyo jibu halitoki. Katika swichi ya tabaka la pili, amri ip default-gateway ikifuatwa na anwani ya ruta inatosha. Lakini katika swichi ya tabaka la tatu (inayoweza pia kuelekeza pakiti kati ya sabneti kama ruta) ambayo amri ip routing imeshawashwa, mpangilio huo hupuuzwa bila onyo lolote, na badala yake inatakiwa njia ya ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 kuelekea ruta hiyohiyo. Kwa maoni yangu huu ni muundo mbaya, kwa kuwa mstari wa ip default-gateway hubaki ndani ya usanidi ukisomeka kama kwamba unafanya kazi.

Wapo wanaopendelea DHCP yenye anwani iliyohifadhiwa kwa kila MAC, nami naelewa urahisi wake pale swichi zinapokuwa nyingi. Hata hivyo mimi huweka anwani za kudumu, nje ya safu inayogawiwa na DHCP, kwa sababu siku ambayo seva ya DHCP imeanguka ndiyo siku ninayohitaji zaidi kuingia kwenye swichi.

Kubadilisha anwani ukiwa mbali ni kukata tawi ulilolikalia, kwa kuwa kikao chako hukatika mara tu anwani ya zamani inapoondoka. Hakikisha kwanza kwamba tranki inaibeba VLAN mpya, kisha, kwenye Cisco, hifadhi usanidi wa sasa na uandike reload in 10, ili mambo yakiharibika swichi ijiwashe upya baada ya dakika kumi na kurejea usanidi uliohifadhiwa. Kumbuka kwamba kuwaka huko kutakata pia mawasiliano ya watumiaji kwa muda. Juniper, watengenezaji wengine wa swichi, wana njia nzuri zaidi, commit confirmed, inayorudisha usanidi wa awali bila kuwasha upya usipothibitisha kwa wakati. Ukishaingia kupitia anwani mpya, futa kuwashwa upya kulikopangwa kwa reload cancel, ondoa anwani iliyobaki VLAN 1, weka orodha ya sabneti zinazoruhusiwa kuingia kwa SSH, na mwisho hifadhi kwa copy running-config startup-config.