Kamba ya mita tatu

"Mama, hakuna kitu hapa. Pameungua."

Mwanangu wa miaka sita hakukosea. Ilikuwa Aprili, tumeendesha saa mbili kutoka Kansas City kwenda kuona hifadhi ya nyika ya nyasi ndefu, na kilima kizima cheusi tii. Wafugaji wa Flint Hills, vilima vya jimbo la Kansas, huchoma nyasi majira ya kuchipua. Bibi yangu wa Handeni asingehitaji kuelezwa: choma, ngoja mvua, ng'ombe wapate majani mabichi. Wanangu, waliozaliwa huku na wanaoijua mbuga kwa video za Serengeti, walitaka simba. Nikawasomea mabango kwa sauti kama mwalimu wa zamu. Wakaomba kurudi garini.

Nilipoamua kurudi, nilianzia sebuleni. Nilikata kamba ya mita 3, nikaitandaza kutoka mlangoni hadi jikoni, nikawaambia mzizi wa nyasi iitwayo big bluestem unaweza kufika urefu huo. Mdogo akalala kando yake kujipima: mmoja, wawili, na bado. Dada yake wa miaka kumi ndiye aliyeuliza, "Kwa hiyo moto haukuufikia?" Haukuufikia. Moto hula majani makavu na vichipukizi vya miti. Nyasi huchipua tena kutoka chini.

Tulirudi Septemba. Kilima kile kile, nyasi zimempita mdogo kimo! Vichwa vya mbegu vimegawanyika vidole vitatu. Wamarekani huviita mguu wa bata mzinga, wangu wakasema mguu wa kuku. Kamba tukaifunga duara, tukailaza chini. Sheria moja tu: hamuondoki mpaka mpate vitu kumi tofauti ndani yake. Panzi, buibui, nyasi za aina nne, mmea unaotoa utomvu mweupe kama maziwa, na juu yake kiwavi wa mistari myeusi, myeupe na ya njano, anayekuja kuwa kipepeo wa monaki. Mavi makavu ya nyati nilitaka kuyakataa, nikashindwa kwa kura mbili kwa moja.

Nyati wenyewe tuliwaona kwa mbali, wale wa Marekani wenye nundu, waliorudishwa kwenye hifadhi hii mwaka 2009. "Nyati aliyevaa koti," akasema mdogo.

Njiani kurudi, binti akauliza mbona kwingine ni mahindi tu. Nikamwonyesha jiwe mfukoni mwake: gumegume. Limejaa udongoni pale, plau ilishindwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya nyika hii iliyosalia iko kwenye vilima hivyo, nayo haifiki asilimia 4 ya ile ya zamani.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mdogo uani na kamba yake, anang'oa nyasi zetu. Mzizi ulikuwa mfupi kuliko kidole chake. Akanitazama kama nimemuuzia kitu kibovu.